Safari ya Kisiwa cha Changuu, na Habari za Kobe Mdogo

Mara nyingi twasoma habari za kufuga kuku, mbuzi na nyuki, nazo ni habari zenye faida. Leo nataka kuwaeleza habari za mnyama asiyekamuliwa maziwa, asiyelinda nyumba, wala asiyekuja mbio mtoto akimwita. Naye ni kobe. Habari hizi nimezipata kwa safari, tena kwa kosa langu mwenyewe. Nazileta kwenu wazazi na walimu, kwa kuwa nadhani kosa kama langu limefanyika katika nyumba nyingi, na walilolifanya hawakuwa na nia mbaya.

Kwetu ni Dodoma, nje ya mji kidogo, mahali penye mibuyu na miiba. Mwezi wa Januari, mvua ziliposhika, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 10 aliokota mtoto wa kobe pembeni mwa shamba. Alikuwa mdogo, akienea kitangani mwa mkono wa mtoto. Gamba lake lilikuwa na rangi ya manjano na madoa meusi, kama walivyo kobe wengi wa nchi yetu. Kwa sababu ya shingo yake iliyokunjamana, watoto walimwita Mzee. Nasi sote tulicheka kuona Mzee aliye mdogo kuliko kifaranga.

Tulimtia katika boksi la sabuni, tukaliweka chumbani ili kunguru na mbwa wasimpate. Watoto walimpenda sana. Kila mmoja alimpa sehemu ya chakula chake: huyu wali, huyu ugali, huyu mkate uliolowekwa katika maziwa. Naye alikula, na sisi tulifurahi, tukasema, "Anakula, basi ni mzima."

Ilipofika Juni, niliona mambo mawili. La kwanza, nilipomshika, kingo za gamba lake zilibonyea chini ya kidole changu. Sikushtuka, maana nilifikiri ni kama utosi wa mtoto mchanga, utakaokaza wenyewe. La pili, alianza kutoka boksini na kupotea nyumbani. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, tufanyeje asipotee?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa nilipokuwa mtoto kama yeye: "Tutapasha msumari moto, tutoboe ukingo wa gamba lake, tutie kamba, tumfunge chini ya mwembe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hataumia, Babu?" Nikasema, "Gamba ni kama ukucha, mjukuu wangu. Halisikii kitu." Kazi ile tukaiahirisha mpaka tutakaporudi safarini, kwa kuwa likizo ilikuwa imefika, nami nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Unguja kumjulia hali dada yangu. Mzee tukamwacha kwa jirani.

Tulipanda treni ya umeme kutoka Dodoma hata Dar es Salaam, na kesho yake tukavuka bahari kwa boti, mwendo wa yapata saa mbili. Dada yangu alipokwisha kusikia habari za kobe wetu, alimwambia mtoto, "Kama wewe ni mfuga kobe, nenda ukawaamkie wazee wao kule Changuu." Basi asubuhi moja tulishuka ufukweni karibu na Forodhani, tukaingia katika mashua ndogo yenye mashine, tukauacha Mji Mkongwe nyuma yetu.

Changuu ni kisiwa kidogo, upande wa kaskazini-magharibi mwa mji, umbali wa kilometa 5 au 6 hivi. Urefu wake hauzidi kilometa moja. Jina lake latokana na samaki changu. Wageni wengi hukiita Kisiwa cha Gereza, maana katika miaka ya 1890 ilijengwa gereza pale. Lakini gereza lile halikutiwa wafungwa. Lilitumiwa kuwa karantini, yaani mahali pa kuwaweka abiria wa vyombo waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza, mpaka ijulikane kwamba ni salama. Zamani kabla ya hapo watumwa walifungiwa kisiwani humo wakingojea kusafirishwa. Kwa hiyo mtu akanyagapo mchanga ule mweupe, na kuona maji yale ya kijani mazuri, haifai asahau kwamba watu wengi walikaa hapo bila hiari yao.

Wenyeji wa kisiwa kwa siku hizi ni kobe. Tulipopita langoni, mjukuu wangu alisimama ghafla, akanishika mkono. Mbele yetu, chini ya kivuli cha miti, palikuwa na vitu vilivyofanana na mawe makubwa ya kijivu. Na jiwe moja likainua kichwa likatutazama. Hao ni kobe wakubwa wa Aldabra. Dume aliyekomaa aweza kufikia uzito wa kilo 250, yaani uzito wa magunia mawili ya mahindi na nusu. Baadhi yao wameandikwa namba za rangi mgongoni kuonyesha umri wao. Mtoto alisoma namba moja kwa sauti, akanitazama usoni, akasema, "Babu, huyu ni mkubwa kuliko wewe." Nikasema, "Basi mwamkie." Akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo," na watu waliokuwa karibu wakacheka.

Mlinzi wa mahali pale, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alikuja akatuamkia, akaanza kutueleza asili ya kobe wale. Mwaka 1919 waliletwa kobe 4 kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa visiwa vile. Nchi yao hasa ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho kaskazini mwa Madagaska. Zamani kobe wakubwa walikuwako katika visiwa vingi vya bahari yetu ya Hindi: Madagaska, Morisi, Rodrigues na Réunion. Huko kote walikwisha. Mabaharia waliwachukua kwa mamia na kuwapanga katika ngama za merikebu, maana kobe aweza kukaa miezi mingi pasipo kula wala kunywa, naye huwa nyama isiyooza. Walipobaki wale wa Aldabra peke yao, mwaka 1874 wataalamu kadhaa wa Uingereza, mmoja wao Charles Darwin, walimwandikia gavana wa Morisi wakimwomba awalinde. Wakalindwa, na leo Aldabra ina kobe wapatao 100,000.

"Na wale wanne wa Changuu?" nikauliza.

"Wale walizaana, mzee," akasema. "Mwaka 1955 kobe wa hapa walikuwa karibu 200. Halafu watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwala, na wengine kwa kuwauza nchi za ng'ambo wakafugwe majumbani. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walikuwa 7 tu."

Mjukuu wangu alihesabu kwa vidole, akaishia kidole cha saba, akabaki ameinua mikono.

Mlinzi akaendelea kusema kwamba mwaka huo huo wa 1996 watoto 80 wa kobe walipelekwa Unguja ili idadi yao iongezeke, na katika hao 40 wakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kuwalinda wanyama, ilipojenga boma lenye ua imara. Hata mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, vijana 50 na watoto wachanga 90. "Nani humwiba kobe mkubwa?" akauliza mlinzi. "Hachukuliki. Huibiwa mtoto, maana huingia mfukoni. Na anayemnunua humwona kuwa kitu kizuri cha kuwachezesha watoto."

Neno hilo lilinichoma kidogo, lakini nilinyamaza.

Kisha akamwambia mjukuu wangu, "Njoo, mwanangu, umkune huyu." Akamwonyesha namna ya kumkuna kobe mzee shingoni na chini ya mapaja, polepole, bila kumpanda mgongoni. Kobe yule alinyosha shingo yake yote, akainuka kwa miguu minne akasimama wima kabisa, macho yake yamelegea kama ya paka aliye karibu na moto. Mlinzi akasema, "Sasa mkune gambani." Mtoto akapitisha kucha zake juu ya gamba, na kobe akasukuma mgongo kuufuata mkono.

Mjukuu wangu alinitazama. Hakusema kwa sauti, bali nilisikia alivyonong'ona: "Babu, anasikia."

Ikanilazimu kumweleza mlinzi habari zote za Mzee wetu: boksi, ugali, maziwa, gamba linalobonyea, na habari za msumari pia. Hakunicheka, wala hakunikaripia, maana nilikuwa mkubwa wake kwa umri. Alikaa juu ya jiwe akasema, "Mzee, gamba la kobe si nyumba aliyoiazima, akitaka atatoka. Mbavu zake na uti wa mgongo wake vimeshikamana nalo. Ni mfupa ulio hai, wenye damu, nalo lasikia. Ukilitoboa, umemtoboa mwenyewe, na jeraha lile hupata uchafu. Kwetu waletwa kobe wenye matundu kama hayo."

Nikakumbuka kobe mmoja wa utoto wangu, aliyefungwa kamba chini ya mti nyumbani kwa baba yangu. Siku moja tulimkuta amekufa, tukasema amekufa kwa uzee. Katika miaka 60 na zaidi sikupata kufikiri juu yake hata siku ile.

Mlinzi akatuchukua hata kwenye kiboma cha watoto, kilichofunikwa wavu juu ili kunguru wasiingie, na kuzungushiwa ukuta panya wasipite. Humo mlikuwa na kobe wadogo sana. Alitueleza kwamba mama kobe huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga, hufukia, akaenda zake. Hawaatamii wala hawarudii. Joto la udongo ndilo linaloyalea mayai. Tena ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike, maana shimo lenye joto zaidi huzaa majike. Mtoto hutoka peke yake ardhini, gamba lake laini bado, na tangu saa ile hujitafutia majani. Kwa hiyo adui zake ni wengi: panya, kunguru, paka, mbwa na siafu. Mtoto wa kobe hana ulinzi ila kujificha.

Nikatoa daftari langu, nikaandika maagizo yake. Haya nayaweka hapa kwa ajili ya yeyote ambaye, kwa sababu ya haki, ana kobe mdogo mikononi mwake.

Jua kwanza. Kobe hukaza gamba kwa jua, kama mtoto anavyokaza mifupa. Ngozi yake ikipigwa na jua hasa, wala si jua la kupitia kioo cha dirisha, mwili hutengeneza vitamini D, na kwa hiyo chokaa iliyo katika chakula huweza kuingia mfupani. Kobe akaaye boksini chini ya kitanda hubaki laini, hata akila sana. Lakini kivuli kiwe karibu naye daima, achague mwenyewe. Maana hana jasho la kumpoza, na kobe aliyepinduka chali juani asiweze kujigeuza hufa upesi.

Chakula chake ni majani. Apewe nyasi, magugu ya shambani, majani na maua ya mti wa bustanini uitwao haibiskasi, na majani ya mforosadi. Ugali, wali, mkate, maziwa na nyama si chakula chake. Matunda yawe machache sana. Mchicha usiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa una kitu kinachoizuia chokaa isitumike mwilini. Mfupa mweupe wa dome, ule unaookotwa ufukweni, ni mzuri wa kumwekea autafune, maana una chokaa nyingi.

Maji yawe katika kisahani cha chini, kina chake kisipite kidevu chake. Mara kwa mara kobe mdogo awekwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, anywe na kulowana. Akikaushwa siku zote, gamba lake huota vinundu.

Asishikwe mara kwa mara, wala asiangushwe, maana gamba huvunjika. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, hasa watoto, kabla ya kula. Kwa kuwa kobe, hata akiwa mzima, aweza kubeba vijidudu vya salmonela viharishavyo watu.

Nilipokwisha kuandika, mlinzi akaongeza neno moja ambalo sikulitazamia. "Mzee, hayo yote ni ya kumponya. Lakini kobe huyo si wenu. Huyo ni wa porini, na sheria ya huko kwenu bara haimruhusu mtu kuokota mnyama wa porini akamfuga pasipo kibali. Tena fikiri: mimi namlisha mtoto huyu wa mwaka mmoja, naye akijaliwa atapita miaka 100. Atazikwa mlinzi, na mwanawe, na mjukuu wake, yeye bado anakula majani. Hapa kuna boma, na atakuwako mwingine wa kulishika. Nyumbani kwako yuko nani?"

Mashuani wakati wa kurudi, mjukuu wangu hakutazama samaki wala mawimbi. Nilipomwuliza anafikiri nini, alisema, "Nafikiri kwamba jirani anampa ugali sasa hivi." Basi jioni ile tulimpigia simu jirani.

Tulipofika Dodoma tulilivunja boksi lile. Watoto walizungusha ua mdogo wa matofali uani, wakafunika wavu, wakaweka kigae kwa kivuli na kisahani kwa maji. Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Afisa Wanyamapori, ambaye sisi wazee twazoea kumwita Bwana Nyama. Nilikwenda na mjukuu wangu, ili aone kwamba mtu mzima naye hukiri kosa. Bwana Nyama aliandika habari zetu, akaja akamtazama Mzee, akasema haifai kumrudisha porini akiwa dhaifu vile. Atunzwe mpaka apate nguvu, naye atakuja kumkagua, na mvua zikinyesha atarudishwa mahali pale pale alipotoka.

Wasomaji wapenzi, kumtunza kwa haki kulikuwa kazi kubwa kuliko kumpenda. Zamani watoto walimpa alichotamani kila mmoja kumpa, nasi tuliita upendo. Sasa mtoto mmoja huamka asubuhi kumchumia majani, mwingine hubadili maji, na hakuna ruhusa ya kumbeba. Wa mwisho wao alilia, akasema, "Sasa Mzee hatuchezei tena." Nikamwambia hakupata kutuchezea hata siku moja, sisi ndio tuliomchezea yeye. Gamba halikukaza kwa juma moja wala kwa mwezi. Lakini mwezi wa Septemba nilipogusa ukingo wake, haukubonyea.

Januari nyingine ilipofika, mvua zikanyesha, tukaenda pamoja na Bwana Nyama hata pembeni mwa shamba. Mjukuu wangu alimweka chini kwa mikono miwili. Mzee alikaa kitambo ameficha kichwa, hata mimi nikachoka kuinama. Kisha alichungulia, akatembea hatua chache, akauma jani, akaingia chini ya kichaka. Watoto walingoja kuona kama atageuka. Hakugeuka.

Njiani mjukuu wangu aliuliza, "Babu, akiwa mkubwa nitamjua?" Nikamwambia, "Mimi sitamwona. Wewe, ukiwa babu, pita hapa wakati wa mvua utazame."

Basi, wazazi na walimu, mtoto akija kwenu na kobe mdogo mkononi, msimkaripie, maana amekuja na moyo mzuri. Mwonyesheni shingo ile inayosikia akikunwa. Kisha nendeni pamoja naye, mkamrudishe alipomwokota siku ile ile, kabla hamjampa jina.

Wasalaam.

Mimi mwenzenu, mwalimu mstaafu, Dodoma.